Printa Inayotoa Mtihani na Kukataa Bili: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Nyumbani

Mwalimu mmoja wa sekondari mjini Morogoro, ambaye familia yake ina duka dogo la vifaa vya shule, alinunua printa ya wino ya matumizi ya nyumbani ili aachane na foleni za steshenari kila msimu wa mitihani unapowadia. Kompyuta yake mpakato ni ya mtumba, miongoni mwa zile zinazoingizwa kutoka Dubai na kuuzwa Kariakoo, nayo ilikuja na Windows 11 iliyokwisha kuwekwa na muuzaji. Mitihani huiandika kwa LibreOffice Writer. Bili za serikali zenye kumbukumbu namba huzifungua kwa kivinjari cha Chrome au kwa Adobe Reader. Na hesabu za duka huziingiza katika programu ya mauzo ya zamani ambayo fundi mwingine aliwawekea miaka ya nyuma. Printa ilikuwa bado inanukia boksi alipopiga simu.

"Fundi, mashine yenyewe ni nzima, maana mitihani inatoka vizuri tu," alisema. "Lakini PDF haitaki, na programu ya duka nayo haitaki. Sasa nimeuziwa printa au nimeuziwa nusu?"

Malalamiko ya namna hii humsaidia fundi kuliko yale ya printa iliyogoma kabisa. Printa isiyochapa chochote inaweza kuwa imeharibika popote, kuanzia waya wa umeme hadi katriji, ilhali printa inayochapa kutoka programu moja imekwisha kutoa ushahidi wa kuitetea: wino upo, karatasi inavutwa, draiva (programu inayoitafsiria printa maagizo ya kompyuta) inaelewana na mashine, na ipo angalau njia moja iliyo wazi kati ya kompyuta na printa. Kinachobaki kutafutwa ni kile ambacho programu inayofaulu hukifanya na programu inayokwama haikifanyi. Kwa hiyo mtu anayeanza kufungua mfuniko na kugusa katriji katika hali kama hiyo anatafuta mahali ambapo tayari pamethibitishwa kuwa pazima.

Kabla sijafika, mpwa wake alikuwa amejaribu yote ambayo kijana mwenye moyo wa kusaidia angeyajaribu. Alisafisha vichwa vya wino, kazi inayomeza wino bure pale ambapo maandishi yanatoka safi. Akahamisha kebo ya USB kutoka tundu la upande mmoja wa kompyuta kwenda upande wa pili. Akaondoa draiva na kuiweka upya. Na hatimaye akaiunganisha printa na Wi-Fi ya nyumbani, kebo akaiweka kabatini. Hakuna katika hatua hizo iliyokuwa ya kipumbavu, ila karibu kila moja iliacha kitu ndani ya kompyuta, na nusu ya kisa hiki ni masalia ya matengenezo hayo.

Nilimwomba Mwalimu achape mbele yangu kutoka kila programu, huku mimi nikiiangalia printa badala ya kioo cha kompyuta. Mtihani wa jiografia kutoka Writer ulitoka mara moja. Bili kutoka Chrome haikutoka, lakini printa haikunyamaza: ilizungusha magurudumu yake kidogo kana kwamba inajiandaa, kisha taa ya rangi ya chungwa ikaanza kupepesa na kazi ikasimama hapo. Bili ileile kutoka Adobe Reader ilifanya vivyo hivyo. Tulipoifuta kazi hiyo na kuingia katika programu ya mauzo, programu ilionyesha ujumbe kwamba ripoti imetumwa, na printa haikutikisika wala kuwasha taa yoyote.

Hapo ndipo kisa kilipogawanyika. Mwalimu, kwa haki kabisa, alikuwa amekusanya matukio yote mawili katika neno moja, "haitaki", kwa sababu kwake matokeo ni yaleyale ya trei tupu. Kwa fundi, printa inayopepesa taa na printa inayolala ni habari mbili tofauti kabisa. Ile ya kwanza imepokea kazi na kuikataa. Ile ya pili haijawahi kusikia kwamba kuna kazi. Mtu akiyatibu haya kama ugonjwa mmoja atatengeneza la kwanza, ataona la pili lingalipo, na ataamini kwamba hata hatua yake sahihi haikufaa kitu, kisha ataitengua.

Ili sababu zieleweke, inafaa kufuata safari ya ukurasa. Programu haizungumzi na printa moja kwa moja. Huukabidhi ukurasa kwa Windows, ambayo huuandika kama faili katika folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS na kuupanga katika foleni. Draiva huugeuza kuwa lugha ambayo printa hiyo inaielewa. Kisha ukurasa hupelekwa kupitia njia iliyofungwa kwenye foleni hiyo, iwe kebo ya USB au Wi-Fi. Njia hii inaonekana kuwa moja kwa wote, lakini mwanzoni mwake kila programu hujiamulia mambo matatu: itume kwenye foleni ipi, iombe karatasi ya ukubwa gani, na ichore ukurasa kwa namna gani. Tofauti kati ya programu na programu, kompyuta ikiwa moja na printa ikiwa moja, karibu kila mara hutokana na mojawapo ya maamuzi hayo matatu. Katika nyumba hii yote matatu yalihusika, ingawa la mwisho kwa kiasi kidogo tu.

Nilianza na ule ukimya kamili wa programu ya mauzo, kwa kuwa kazi iliyopotea ni rahisi kuifuatilia: ama iko kwenye foleni fulani au haikuwahi kuandikwa. Nilifungua orodha ya printa ambayo programu huonyesha mtu anapobofya kuchapa, nayo ndiyo orodha ya kuaminika, kwa sababu dirisha la vifaa la Windows wakati mwingine huzikusanya foleni kadhaa chini ya picha moja ya printa na kumfanya mtazamaji adhani ipo moja tu. Tukakuta majina matatu ya mashine ileile, kila jina likiwa na foleni yake. La kwanza lilikuwa jina la kawaida la printa, na katika ukurasa wa milango, yaani njia za kuifikia printa, lilifungwa kwenye mlango wa kebo uitwao USB001. La pili lilikuwa jina hilohilo likiwa na nyongeza ya "Copy 1", limefungwa kwenye USB002. La tatu lilikuwa la njia ya Wi-Fi, nalo ndilo pekee lililokuwa na printa hai upande wa pili.

Asili ya majina hayo haikuwa fumbo. La kwanza lilizaliwa siku printa ilipotolewa kwenye boksi na kuunganishwa kwa kebo. La pili lilizaliwa kebo ilipohamishwa, kwa kuwa printa isiyojitambulisha kwa namba yake ya pekee huonekana na Windows kuwa kifaa kipya kila inapochomekwa katika tundu jingine, hivyo hupewa foleni mpya yenye jina la nakala. La tatu lilikuja na Wi-Fi. Watu wengi hudhani kwamba kuweka draiva upya husafisha yaliyotangulia, na hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri wa "iondoe, iweke tena" unaotolewa kila kona: mara nyingi hausafishi, huongeza. Kila jina linaloongezeka ni shimo jingine ambamo programu isiyo makini inaweza kutumbukiza kazi zake.

Programu ya mauzo ilikuwa haina umakini huo. Ilikuwa imehifadhi jina la printa katika mipangilio yake tangu siku ile ya kwanza ya kebo, wala haikujali kwamba Windows sasa inaitambua foleni ya Wi-Fi kuwa printa ya kawaida ya kompyuta hiyo. Writer na Chrome zilielekea kwenye Wi-Fi, lakini ripoti za duka ziliendelea kupelekwa USB001, ambako hakukuwa na kebo. Nilipolifungua dirisha la foleni hiyo lililofifia kwa rangi ya kijivu na kuandikwa "Offline", yaani printa haipatikani, ripoti zilizotumwa tangu kebo iwekwe kabatini zilikuwa zimejipanga humo, kila moja na tarehe yake na saa yake, zikisubiri kwa utiifu kabisa.

Mwalimu alipoziona alicheka, kwa sababu zilimfumbulia jambo jingine. Siku chache nyuma mpwa wake alikuwa ameichomeka tena kebo kwa ajili ya majaribio, na printa ikaanza kutema kurasa za mauzo ya jana na juzi ambazo hakuna aliyeziomba, mmoja baada ya mwingine, hadi wakaizima. "Tulisema imepagawa," alisema. Haikuwa imepagawa, njia ya USB ilifunguka na foleni iliyokuwa imekwama ikateremsha mzigo wake.

Matengenezo ya sehemu hii yana mpangilio wake, na mpangilio huo haufai kugeuzwa. Kwanza zilifutwa kazi zote zilizokwama katika foleni za zamani, ili zisije zikatoka siku moja na kula rimu ya karatasi. Pili, nilifungua mipangilio ya programu ya mauzo na kuichagulia foleni ya Wi-Fi, nikachapa ripoti moja kuhakikisha. Hapo ndipo foleni za USB001 na USB002 zilipoondolewa. Anayeanza kwa kuondoa foleni anaweza kukuta kwamba programu ya zamani, ikiamka na kukosa jina ililolizoea, hukataa hata kuonyesha dirisha la kuchagulia printa nyingine. Mwisho nilizima ule mpangilio unaoiruhusu Windows kujichagulia printa ya kawaida, ambao ulikuja na Windows 10 mwaka 2015 na ambao huifanya printa iliyotumika mwisho kuwa ya kawaida. Ni mpangilio wenye nia njema kwa mtu anayehama kati ya ofisi na nyumbani, lakini katika nyumba yenye printa moja na majina matatu unazidisha mkanganyiko tu.

Ripoti za duka sasa zilitoka, na bili zikaendelea kupepesewa taa ya chungwa. Kama tungekuwa tumelitazama jambo lote kama tatizo moja, huu ndio wakati ambao mtu angekata tamaa na kuirudisha printa dukani.

Kijitabu cha printa kilieleza kwamba mpepeso wa aina ile ni kosa la karatasi, na Mwalimu alikuwa amelisoma hilo kabla yangu. Kwa kulisoma alikuwa ametoa karatasi, akazipepeta, akazirudisha zikiwa zimenyooka, akabonyeza kitufe cha kuendelea, na bili ikatoka. Iliyofuata ikakwama tena. Alihitimisha kwamba trei ina kasoro. Lakini trei hiyohiyo ilikuwa ikivuta kurasa za mtihani bila shida, hivyo kosa halikuwa la karatasi iliyomo kwenye trei bali la karatasi iliyoombwa.

Aliniletea bili moja iliyotoka kwa kulazimishwa namna hiyo, na tulipoilaza juu ya meza ikasema yenyewe. Chini yake kulikuwa na utepe mweupe mpana kuliko ukingo wa upande wowote mwingine. Tulifungua faili kwenye kompyuta tukaona kwamba fremu inayozunguka maelezo ya malipo inapaswa kuwa na urefu wa sentimita 20. Rula ya Mwalimu, ile ya mbao ya kuchorea ubaoni, ilionyesha sentimita 18 na ushei. Ukurasa ulikuwa umefinywa ili uingie katika karatasi fupi kuliko ile iliyokuwepo. A4 ina milimita 210 kwa 297, ilhali karatasi ya Marekani iitwayo Letter ina milimita 216 kwa 279: ni pana kwa milimita 6 na fupi kwa milimita 18. Chrome na Adobe Reader zilikuwa zinaomba Letter, printa ikijua kwamba trei yake imesajiliwa kuwa na A4, na badala ya kuchapa kombo ikasimama kuuliza kwa taa.

Mbona Writer haikukwama? Kwa sababu Writer huchukua ukubwa wa karatasi kutoka katika waraka wenyewe, na mitihani ya Mwalimu imetengenezwa kwa A4 tangu zamani. Chrome na Reader, kwa jinsi zilivyokuwa zimepangwa katika kompyuta ile, zilichukua ukubwa wa kawaida ulioandikwa kwenye draiva. Ili nisibaki na dhana tu, nilifanya jaribio la kinyume: Writer ina sehemu ya kuiamuru itumie ukubwa wa karatasi wa printa badala ya ule wa waraka. Nilipoiwasha sehemu hiyo, mtihani uleule wa jiografia uliokuwa ukitoka bila kigugumizi ulikwama, taa ya chungwa ikapepesa. Nilipoizima, ukatoka. Jaribio linaloweza kuivunja kwa makusudi programu isiyo na tatizo na kisha kuirudisha lina uzito kuliko majaribio kumi ya kubahatisha dawa.

Kwa wanaotumia Microsoft Word hali inaweza kuwa tofauti kidogo, kwa kuwa Word ina mpangilio wake wa kupunguza au kukuza ukurasa kati ya A4 na Letter kimyakimya, na kutegemea jinsi ulivyowekwa unaweza kulificha tatizo hili au kulizusha pale ambapo halikuwepo.

Letter ilitoka wapi katika nyumba ya Morogoro? Muuzaji wa kompyuta alikuwa ameiacha Windows na nchi ya Marekani katika mipangilio ya eneo, kama ilivyo kwa kompyuta nyingi za mtumba ninazoziona, na draiva nyingi huitazama nchi hiyo wakati zinapowekwa ili kuamua karatasi ya kawaida. Nilibadilisha nchi kuwa Tanzania, na foleni iliyokwisha kuwepo haikubadilika hata kidogo. Kilichoandikwa siku ya kuwekwa draiva kilibaki kilivyo. Ilibidi A4 iandikwe kwa mkono, na kuna mahali pawili pa kuiandika. Mapendeleo ya uchapaji, yanayofunguliwa na "Printing preferences", humhusu mtumiaji aliyeingia tu. Chaguo-msingi la wote liko ndani zaidi, katika sifa za printa, ukurasa wa "Advanced", chini ya kitufe cha "Printing Defaults". Kwa kuwa mpwa ana akaunti yake katika kompyuta hiyohiyo, tuliweka A4 mahali pote pawili. Chrome ilihitaji kuambiwa peke yake, maana hukumbuka ukubwa wa karatasi uliotumika mara ya mwisho, na bila kulibadilisha hilo ingeendelea kuomba Letter kwa mazoea hata baada ya draiva kunyooshwa.

Iko njia ya mkato ambayo wengi huipendekeza: kuizima kabisa tahadhari ya printa ya kulinganisha karatasi, nayo printa itachapa bila kuuliza. Sikubaliani nayo. Tahadhari ile ndiyo iliyokuwa ikisema ukweli katika kisa chote. Ikizimwa, bili zitatoka zikiwa zimefinywa au zimekatwa ukingo wa kulia, na katika karatasi ya mtihani milimita chache za ukingo zinatosha kumeza alama za swali zinazoandikwa kwenye mabano mwishoni mwa mstari. Mwalimu alilielewa hili haraka kuliko wateja wangu wengi.

Kuhusu Wi-Fi yenyewe nilifanya jambo dogo la tahadhari. Umeme ukikatika na kurudi, ruta, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi, inaweza kuipa printa anwani nyingine na foleni ikabaki inaigonga anwani ya zamani. Kwa hiyo niliingia kwenye ruta na kuitengea printa anwani moja isiyobadilika. Nilimweleza Mwalimu kwamba hilo likitokea siku moja licha ya hayo, dalili yake haitafanana na hizi, kwa sababu programu zote zitakwama kwa pamoja, Writer ikiwemo.

Ilibaki faili moja tu, na hili ndilo lililoangukia uamuzi wa tatu, ule wa namna ya kuchora ukurasa. Lilikuwa PDF la ramani ya mazoezi lililotengenezwa kwa simu na mwalimu mwenzake, lenye tabaka za rangi zilizopitana na fonti ambazo hazikuwa zimefungwa vizuri ndani ya faili. Katika Adobe Reader kazi iliingia kwenye foleni sahihi, ikaomba A4, na bado ikafa ikiwa imeandikwa kosa, huku PDF nyingine zote zikitoka. Katika dirisha la kuchapa la Reader, nyuma ya kitufe cha mipangilio ya ziada, lipo tiki la "Print as Image", linaloifanya Reader iuchore ukurasa wote kama picha moja na kuituma picha hiyo badala ya kumwachia draiva kazi ya kufasiri kila fonti na kila tabaka. Tuliliwasha. Ramani ilichukua muda kuanza, mistari ya kontua ikatoka minene kidogo kuliko inavyoonekana kwenye kioo, na Mwalimu akaamua kwamba kwa darasa la kidato cha pili inatosha. Tiki nikaliondoa tena ili bili na faili nyingine zisipunguzwe kasi bila sababu.